Kamera kwenye baridi kali, chumvi, joto na vumbi: maswali ninayoulizwa hapa Mtwara

Nasafisha na kutengeneza kamera hapa Mtwara mjini, na siku za harusi nashika kamera mwenyewe, kuanzia Mikindani mpaka Masasi. Maswali haya yananifikia kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, na mara nyingine mtu analeta swali mezani pamoja na kamera iliyokwisha kufa. Mengi yanatoka kwa vijana wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro, mengi mengine kwa watu wa pwani ambao kamera zao zinaliwa na chumvi. Nimeyaweka pamoja makusudi. Aliye kwenye theluji na aliye kwenye mchanga wa Msimbati wanasumbuliwa na kitu kilekile, maji yaliyomo hewani. Kinachotofautiana ni saa yanapowavamia.

Mimi ni mtu wa pwani. Baridi kali inanihusu nini?

Kwanza, kazi. Kila mwaka kuna wenzetu wanaoitwa kupiga picha za vikundi vinavyopanda mlima, na kuna wanaokwenda Njombe na Makete, ambako Juni na Julai alfajiri umande unakutwa umeganda kwenye majani. Siku hizi lami inatoka Mtwara, Masasi, Tunduru mpaka Songea, kwa hiyo kamera iliyokuwa inatoa jasho Shangani, hapa Mtwara mjini, juzi, leo iko kwenye baridi ambayo mwenyewe hajawahi kuisikia mwilini.

Pili, baridi tunayo humuhumu. Kiyoyozi cha ofisi, cha hoteli na cha gari kinaifanyia kamera yako kitu kilekile ambacho hema lenye joto linaifanyia kamera ya mpanda mlima. Nitalieleza hilo chini, maana ndilo swali lenye uzito kuliko yote.

Kitabu cha kamera yangu kimeandika nyuzi 0 hadi 40. Nikishuka chini ya sifuri itakufa?

Haifi. Kipimo hicho ni dhamana ya mtengenezaji: ndani ya mipaka hiyo anakuhakikishia kila kitu kitafanya kazi kama kilivyoandikwa. Kamera nyingi za kidijitali zimeandikwa hivyohivyo, 0 hadi 40, na bado watu wanafika nazo Uhuru, mita 5,895, usiku ambao hewa iko nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, na zinapiga. Sensa yenyewe inafurahia baridi, zile chengachenga za picha za gizani zinapungua. Vinavyolegea ni betri, skrini, na grisi iliyomo kwenye pete za lenzi, ambayo inakuwa nzito hadi lenzi inatafuta fokasi kwa kusuasua.

Kuna wanaoogopa upepo kuliko baridi. Upepo unakutesa wewe mwenye ngozi yenye joto na unyevu. Kamera hauwezi kuishusha chini ya joto la hewa iliyopo, ila utaifikisha huko haraka zaidi. Basi ikae ndani ya koti, kamba shingoni, itoke wakati wa kupiga tu.

Betri ilikuwa asilimia 80, nikapiga picha ishirini ikazima. Nimeuziwa feki?

Huenda, lakini usimlaumu muuzaji kabla hujaipasha joto. Waliozaliwa pwani wataelewa hivi: mafuta ya nazi kwenye chupa, asubuhi ya Julai, yanakuwa mazito, yameganda nusu, huwezi kuyamimina. Jua likipanda yanarudi kama kawaida na hakuna tone lililopotea. Ndani ya betri ya lithiamu kuna kimiminika ambacho chaji hupita ndani yake. Kikipoa, chaji inapita kwa shida, kamera inaomba nguvu haiipati, inajizima. Chaji ipo. Imekwama tu.

Kwa hiyo chukua betri tatu au nne, na usizibebe kwenye begi. Zikae mfuko wa ndani kabisa, zigusane na joto la kifua. Moja ikizima, itoe, irudishe kifuani, weka nyingine. Baada ya nusu saa ile ya kwanza itakupa picha nyingine kadhaa. Usiku unalala nazo ndani ya mfuko wa kulalia. Jambo hili nalisisitiza kwa wanaopanda Kilimanjaro kwa sababu safari ya kileleni huanza karibu na saa sita ya usiku, na kamera inakaa kwenye baridi saa sita au saba kabla jua halijachomoza. Picha unayoitaka ni ya dakika hizo za mwisho.

Flashi na taa zinazotumia betri za kawaida za AA zinaumia zaidi, hasa ukiweka zile za alkalini. Zipo AA za lithiamu zisizochajiwa, bei yake iko juu, lakini zinafanya kazi kwenye baridi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Vile vipakiti vya kupasha mikono joto vinasaidia, ila vinahitaji oksijeni ili viwake, na juu kule oksijeni ni chache. Usivitegemee peke yake.

Naweza kuchaji nikiwa kwenye baridi?

Chini ya sifuri, hapana, na hapa siongezi wala sipunguzi. Kutumia betri ya lithiamu kwenye baridi hakuiharibu, lakini kuichaji ikiwa imeganda kunaijengea utando wa metali ya lithiamu ndani, na uharibifu huo haurudi nyuma. Ipashe kwanza mfukoni, kisha chaji jioni mapema kabla banda halijapoa.

Jambo la jirani ambalo watu hawaliulizi: diski za kuhifadhia picha. Zile zenye sahani inayozunguka ndani, kichwa chake cha kusomea kinaelea juu ya hewa, na nyingi zimeandikwa mwisho wa matumizi ni mita 3,000 hivi. Horombo, kambi ya njiani tu kule Kilimanjaro, ni mita 3,720. Kule juu tumia diski isiyo na sehemu inayozunguka, au bakiza picha kwenye memori kadi na ubebe kadi za kutosha.

Kwa nini lenzi inaingia ukungu nikihama kutoka baridi kwenda joto?

Toa chupa ya soda kwenye friji, iweke mezani hapa Mtwara mwezi wa Februari. Dakika mbili tu inatiririka maji, na hakuna aliyeimwagia. Maji hayo yalikuwa hewani. Hewa ya joto inabeba mvuke mwingi, ikigusa kitu cha baridi inashindwa kuubeba, inauacha hapohapo. Kamera yako iliyotoka kwenye baridi ni ile chupa ya soda, kasoro kwamba maji hayaishii nje. Lenzi inavuta hewa kila inapojikunjua na kujikunja, kwa hiyo ukungu unaingia mpaka kwenye vioo vya ndani na juu ya bodi ya umeme.

Hesabu yake si ngumu. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, jambo la kawaida kwetu msimu wa mvua, kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 kitalowa. Kiyoyozi ulichokiweka nyuzi 22 kimeshaifikisha kamera huko. Mlimani mambo yanakuja kinyume: hewa ya nje ni baridi na kavu, kutoka nje hakuna tabu. Tabu iko wakati wa kurudi, unapoingia na kamera iliyoganda kwenye hema la chakula ambamo watu kumi wanapumua na sufuria ya chai inafuka.

Nitasimulia lililonikuta. Harusi ilikuwa Lindi. Nilitoka Mtwara asubuhi na gari la mwenyeji, zaidi ya kilomita 100, kamera imelala kwenye kiti cha mbele usawa wa tundu la kiyoyozi. Tulifika wakati bibi harusi anatolewa mlangoni, vigelegele vimepanda, mama yake analia. Nikashuka, nikainua kamera, nikaona maziwa matupu. Nikafuta kioo cha mbele, kikajaa tena. Nikafuta tena, kikajaa tena. Nilizo nazo za mlangoni ni picha nne, zote nyeupe kama zimepigwa nyuma ya chandarua. Mama yule alinipa pole, lakini kile kitendo hakirudiwi. Tangu siku ile kamera yangu inasafiri kwenye buti, mbali na kiyoyozi.

Dawa yake ni mfuko wa plastiki. Kabla hujahama, ukiwa bado ulipo, tia kamera na lenzi ndani ya mfuko usio na tundu, bana hewa itoke, funga vizuri. Kisha ingia. Maji yatakaa juu ya plastiki, nje, na kamera itapanda joto taratibu ndani ya hewa yake yenyewe. Usifungue mpaka ukigusa mfuko usisikie ubaridi. Kutoka kwenye kiyoyozi kwetu inatosha dakika 20 hadi 30. Kutoka kwenye baridi ya mlimani, kwa lenzi kubwa, ni saa mbili au zaidi. Toa memori kadi na betri kabla ya kufunga, maana najua utataka kuangalia picha na utaufungua mfuko mapema.

Kwa harusi, mimi naomba feni chumba nitakacholala. Penye kiyoyozi, kamera inalala bafuni ambako hewa yake haikupoozwa, au naitoa varandani saa nzima kabla ya kazi, ndani ya mfuko, na mtu wa kuiangalia.

Nimechelewa, ukungu umeshaingia. Nifanyeje?

Usiiwashe, usibadilishe lenzi, usizungushe zumu, maana utavuta hewa ya unyevu ndani zaidi. Kama ni ukungu wa nje tu na bibi harusi yuko mlangoni, futa kwa kitambaa safi na endelea kujaribu. Kama uko ndani ya kioo, iache mahali penye hewa inayotembea ipashike yenyewe. Usitumie mashine ya kukaushia nywele. Nimeshapokea lenzi ambayo gundi ya kioo chake iliachia kwa joto lile.

Skrini inachelewa, picha zinaacha kivuli. Imeharibika?

Haijaharibika. Skrini za vimiminika zinakuwa nzito kwenye baridi kama betri. Ikipata joto inarudi. Usipumulie karibu na kioo cha kuchungulia, pumzi itaganda pale na huwezi kuikwangua bila kuacha mikwaruzo.

Picha zangu za theluji zinatoka kijivu.

Nenda kwenye mashamba ya chumvi, yale tuliyo nayo pwani ya Mtwara na Lindi, upige rundo la chumvi saa nne asubuhi. Litatoka kijivu vilevile. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Ongeza mwanga kwa hatua moja, jua likiwa kali hadi mbili, kisha angalia mchoro wa mwanga kwenye skrini uhakikishe weupe haujaungua. Anayetaka kujiandaa kwa theluji ya Kibo afanyie mazoezi pale pale kwenye chumvi, macho yatazoea.

Nimetoka kupiga ufukweni. Nifute vipi?

Sasa tumefika kwenye kinachoua kamera nyingi zaidi zinazofika mezani kwangu. Baridi ya mlima ni ya siku sita. Chumvi ni ya mwaka mzima, na haihitaji uguse maji. Kusi likivuma, mawimbi yakipiga mwamba, hewa yenyewe inabeba matone madogo yasiyoonekana. Mtu anasimama Msimbati, au anavuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani kupiga magofu yaliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, anarudi kamera ikiwa kavu kabisa kwa macho. Pitisha ulimi kwenye kidole ulichofutia mwili wa kamera, utaionja.

Ubaya wa chumvi ni kwamba haitulii. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi inanyonya maji mpaka inayeyuka, ukishuka inakauka. Kwetu usiku unapita hapo karibu kila siku. Kwa hiyo kamera iliyo kabatini, hujaigusa wiki mbili, inalowa usiku na kukauka mchana, na kila ikilowa inaila metali kidogo. Mwezi uliopita nilifungua lenzi ya kijana mmoja wa Mikindani aliyelalamika kwamba haisomi kwenye kamera. Chini ya pete ya nyuma, utepe wa shaba wenye upana wa njiti ya kiberiti ulikuwa umeota unga wa kijani, na uzi mmoja wa umeme ulikuwa umekatika kabisa. Kwa nje lenzi ilikuwa inang'aa, hata jina halijafutika.

Ukirudi tu, siku hiyohiyo, kabla hujala: puliza kwanza kwa pampu ya mpira ili mchanga utoke, maana ukianza na kitambaa unasaga kioo kwa chembe za chumvi na mchanga. Kisha lowesha kitambaa laini kwa maji safi, kamua mpaka kisidondoshe, futa mwili wote, pete, kamba na vifuniko. Rudia kwa kitambaa kingine. Kausha. Kioo cha mbele kiwe cha mwisho, kwa kimiminika chake, kutoka katikati kwenda pembeni. Maji nayo yana neno: visima vingi vya karibu na bahari vina chumvichumvi, utakuwa unapaka unachokifuta. Tumia maji ya kunywa ya chupa, vijiko vitatu vinatosha.

Stendi iliyosimama kwenye maji ya bahari inafunguliwa miguu yote, inasuuzwa kwa maji mengi matamu, inakaushwa ikiwa wazi. Ukiikunja na chumvi ndani, baada ya mwezi haitafunguka.

Kamera imedumbukia baharini. Mchele unasaidia?

Mchele hausaidii. Hauvuti maji kwa kasi ya kushinda hewa inayotembea, na unaingiza vumbi lake kwenye matundu. Isitoshe maji ya bahari yakikauka yanaiacha chumvi palepale ilipo.

Toa betri sekunde hiyohiyo, usijaribu kuwasha kuona kama bado ipo hai. Jaribio hilo ndilo linaloichoma bodi. Toa kadi, picha mara nyingi zinapona hata kamera ikifa. Kama ilizama kabisa kwenye maji ya chumvi, mimi nashauri uisuuze kwenye maji matamu safi, ingawa moyo utakataa, kisha umfikie fundi siku ile ile. Kamera yenye flashi ya ndani usiifungue mwenyewe. Kapasita yake inaweza kushika volti 300 hata betri ikiwa nje, na mshtuko wake si mchezo.

Nawaambia ukweli wateja wangu: zilizozama baharini, zinazopona ni chache. Zilizoanguka kwenye mto au ndoo, nyingi zinapona zikiwahiwa.

Yangu imeandikwa inazuia maji. Si basi?

Soma imezuia nini. Kamera nyingi kubwa zinazosifiwa hivyo zina mipira kwenye maungio ya kuzuia manyunyu na vumbi, hazikuumbwa kuzama. Na mpira wa kamera hauna kazi kama lenzi uliyoifunga haina mpira wa nyuma. Simu yenye alama ya IP68 imepimwa kwenye maji matamu yaliyotulia, kwa kina na dakika alizotaja mtengenezaji. Bahari ina chumvi na mawimbi yanasukuma. Mipira nayo inazeeka, na simu ikishafunguliwa na fundi wa kioo, ile alama usiihesabu tena.

Kwenye boti mimi nabeba pipa dogo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha. Aprili 2019 tulipotangaziwa kimbunga Kenneth, niliwashauri wenzangu wafanye vivyo hivyo nyumbani: kamera, diski na chaja ndani ya mapipa yaliyofungwa, juu ya kabati, mbali na dirisha. Pipa si la bei kubwa, na siku za kawaida linahifadhi unga.

Joto letu je?

Mwili mweusi wa kamera juani, saa nane mchana wa Desemba, unapita nyuzi 40 bila shida. Ndani ya gari lililofungwa ni zaidi ya hapo sana, betri inavimba. Betri iliyovimba usiitumie, usiitoboe, usiitupe kwenye taka zinazochomwa. Unaporekodi video ndefu, funika kamera kwa taulo jeupe lenye unyevu kidogo lisilogusa matundu, acha skrini imejitenga na mwili, zima kila mapumziko. Ikikuonya kwa alama ya joto, itii.

Kuna wanaoniletea lenzi ndefu wakisema haikati makali mchana. Hewa inayotetemeka juu ya mchanga au lami ndiyo inayofuta makali hayo. Piga kabla ya saa tatu asubuhi na utaona lenzi haina kosa. Halafu usiache kamera mezani lenzi ikilitazama jua bila mfuniko, kioo kile kinakusanya miali na kinachoma pazia la ndani.

Vumbi la Newala na Tandahimba, na msimu wa kupulizia mikorosho?

Vumbi jekundu la huko ni laini kama poda, linaingia popote. Kanuni yangu: lenzi moja asubuhi, hiyohiyo hadi jioni. Ukilazimika kubadilisha, zima kamera, ingia ndani ya gari, geuza mdomo wa kamera chini, badilisha haraka. Usipulize kwa mdomo, mate yanafika kwenye sensa. Usipeleke kwenye kompresa ya gereji, hewa yake ina mafuta na maji na inasukuma vumbi ndani zaidi.

Salfa ina hatari yake, na nje ya mikoa yetu sijaona watu wakiijadili. Katikati ya mwaka wakulima wanapulizia mikorosho unga wa salfa kuzuia ubwiriunga, na picha zake ni nzuri mno: alfajiri, wingu la njano, jua linapenya matawini. Lakini kila mwenye pete ya fedha anajua salfa inaigeuza nyeusi. Ndani ya kamera kuna shaba na fedha pia, na salfa ikipata unyevu juu yake inazila. Simama upande upepo unakotoka, mbali, na lenzi ndefu. Vika kamera mfuko wenye tundu la lenzi tu, jikinge macho na pua. Ukimaliza ni pampu kwanza, kisha kitambaa chenye unyevu, kama ulivyofanya kwa chumvi.

Kwenye ubanguaji, mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi. Mwenye kuyagusa asishike kamera mpaka ameosha mikono kwa sabuni. Mpira wa kushikia kamera ukishalowa mafuta, haukai.

Nimeona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya lenzi.

Ni fangasi. Anaota unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 hadi 70 kwa muda mrefu, gizani, hewa imesimama. Yaani ndani ya begi, chini ya kitanda, Mtwara, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Begi la ngozi ni baya zaidi. Akiwa mchanga fundi anamfuta na kioo kinabaki salama. Akikaa, anatoa asidi inayokula rangi ya juu ya kioo, na alama hiyo haifutiki.

Nunua kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko na kipima unyevu kidogo cha kidijitali. Tia ndani chembechembe za silika, zile za kubadilika rangi. Lengo ni asilimia 40 hadi 50. Usikaushe kupita kiasi, chini ya 30 mpira na grisi vinaanza kuteseka. Chembe zikibadilika rangi zimeshiba maji: ziweke kwenye sufuria juu ya moto mdogo, koroga mpaka rangi irudi. Sufuria hiyo isipikiwe chakula tena, hasa kama chembe zako ni za bluu, zina kobalti. Fungua kontena kila wiki, shika kila lenzi, izungushe, piga nayo picha mbili. Lenzi zinazofanya kazi sizioni mezani kwangu kwa ugonjwa huu, ninazoziona ni zile zinazotunzwa kwa ajili ya siku kubwa.

Kioo cha kukinga mbele ya lenzi, ninunue?

Kwa ufukweni na kwenye vumbi, ndiyo. Kupiga usiku penye taa, kitoe, kinaleta taa za uongo kwenye picha.

Nikisafiri kwa ndege kwenda Kilimanjaro, betri ziende wapi?

Betri za akiba za lithiamu zinapanda nawe mkononi, hazikai kwenye mzigo wa chini. Funika ncha zake kwa utepe au kifuniko chake zisigusane na funguo. Betri za kamera ziko chini sana ya kikomo cha wati-saa 100, hivyo hazihitaji kibali.

Nina shilingi chache. Nianze na nini?

Pampu ya mpira. Kontena lenye mpira na silika. Vitambaa viwili. Mifuko mikubwa ya plastiki inayofungwa kwa kubana, mitatu. Betri ya pili, ya kampuni ya kamera yako. Hivyo vyote kwa pamoja ni bei ndogo kuliko kubadilisha ule utepe wa shaba nilioueleza, kama utepe wenyewe utapatikana. Wa yule kijana wa Mikindani bado tunautafuta, na lenzi yake iko kwenye kontena langu, ikingoja, kipimo kinasoma asilimia 46.